Umeniachia Bosi na Karani

Somoe mwanangu,

Najua ukiikuta karatasi hii katikati ya kanga zako utacheka kwanza. Utasema, huyu mwanamke tumelala nyumba moja, ukuta mmoja, alishindwa nini kuniambia kwa mdomo? Mdomo wangu unaujua. Ukifunguka hutoa ukali hata pale moyo unapotaka kutoa kitu kingine. Kalamu haipandishi sauti, ndiyo maana nimeishika.

Mambo ya kula vizuri, ya kuchagua marafiki, ya kutoazimisha nguo zako, sikuandikii. Hayo baba yako amekuhubiria tangu magharibi mpaka ukasinzia, na yeye mwenyewe akasinzia katikati ya nasaha zake. Sasa hivi anakoroma kama friji mojawapo ya zile anazozitengeneza. Mwache apumzike, maana kesho alfajiri kwenye basi atajifanya mwanamume, halafu akirudi nyumbani nitamsikia chooni anapenga kamasi.

Mimi nina jambo moja. Tangu Mjomba Hamisi alipokuja kutoka Mikindani na ile ndoo nyeupe yenye mfuniko na pampu ndogo ya betri, roho yangu haikukaa. Nilijua ni ndoo ya kubebea samaki. Nikajiambia, haya, Somoe anakwenda chuo cha uvuvi, mbali huko, na samaki wake anakwenda nao. Akishaondoka na Bosi na Karani, humu ndani, nyumba yetu hii ya Mkomaindo, atakuwa ameacha nini cha kumrudisha? Baba yake watapigiana simu. Bibi yake yuko Tandahimba. Mimi nitakuwa wa kupewa salamu mwishoni, "na huyo naye msalimie".

Sikukuuliza. Niliogopa jibu. Nilipita karibu na ile ndoo siku zote hizi nikijifanya naangalia dari. Leo jioni nimelipata jibu bila kuuliza, na nimeshusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu siku nilipoingia nyumba hii. Nitakuambia, ila nianzie nyuma kidogo.

Nilipoolewa na baba yako ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi, na marehemu mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa hata mwaka hajamaliza kaburini. Kila asubuhi ulinisalimia. "Shikamoo." Ukaishia hapo. Si shikamoo mama, si shikamoo mama mdogo. Shikamoo, na macho yako yakiwa mlangoni. Nami nikaitika marahaba, kwani mtoto aliyekusalimia utamshitaki kwa nani? Heshima ilikuwapo, mimi ndiye sikuwapo. Majirani nao, baba yako wanamwita Baba Somoe tangu ulipozaliwa, mimi wakaniita "mke wa Baba Somoe". Mwanamke mzima, umri huu, hata Mama Fulani sina. Usiku nilikuwa najiambia si kitu. Kilikuwa kitu, Somoe. Kiliniuma.

Kisha likaja lile tangi la kioo. Mwenye nyumba ya wageni alilileta kwa baba yako pampu itengenezwe, kabla haijapona akahama mji, akasema libaki. Mjomba Hamisi alipoliona akakuletea samaki wawili wachanga, hata urefu wa kidole changu cha mwisho hawajafika, rangi ya chungwa, na mikanda myeupe kama wamefungwa bandeji. Akasema hawa hawakuvuliwa, wamezaliwa ndani ya tangi la rafiki yake, bahari wanaisikia tu. Ukafurahi! Sikuwahi kukuona meno yote namna ile. Mimi ndiye niliyewapa majina. Yule aliyejiona, anayekuja kwenye kioo kukukagua, nikamwita Bosi. Mwembamba anayemfuata nyuma nikamwita Karani, kwa sababu alikuwa kama wale makarani wa ghala la korosho, macho huku na huku. Ulicheka, halafu ukakumbuka kwamba hucheki na mimi, ukajikatiza.

Maji ya bahari yakawa yanakuja kwa madumu ndani ya buti la basi la Mtwara. Sasa mimi mtoto wa Kitangari! Nimekua natelemka bondeni na ndoo kichwani, napanda na ndoo kichwani, na nikimwaga njiani mama yangu hanipigi, ananitazama tu, na ile ilikuwa mbaya kuliko fimbo. Kwetu maji ya kumwogeshea mtoto yananawisha miguu ya mkubwa, kisha yanakwenda kwenye mchicha. Halafu nione dumu zima la maji yasiyonyweka, yasiyofulia, linashushwa mlangoni kwa heshima kama mgeni wa harusi. Nikasema astaghafirullah.

Ulipokwenda bweni kwa ajili ya mitihani ukaniachia kazi, ukanifundisha kwa sauti ya mwalimu. Maji yakipungua kwa joto, ongeza ya bomba yaliyolala, usiongeze ya bahari, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Hilo nililishika. La pili, kila wiki toa sehemu ya maji, mwaga, tia mapya. Mwaga! Nilishika ndoo ile mlangoni, nikatazama maji yale, meupe, hayana hata harufu, na mkono ukakataa. Wallahi ulikataa. Nikachukua kitambaa changu cha kuchujia tui, nikayachuja, nikayaacha yatulie, nikayarudisha ndani. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa kabla hayajamwagika, nikajiona na akili. Nilijua Mjomba naye nampunguzia usumbufu wa madumu.

Uliporudi ukamkuta Karani yuko juu ya maji anahema, mapezi yamebana mwilini, ngozi ina utando kama ukungu wa jicho la mzee. Chakula anakitema. Bosi naye amepoa. Ukaniuliza nimefanya nini. Nilikueleza kwa kujigamba kidogo, kitambaa nikakuonyesha. Mwanangu, uso wako siku ile! Ukaniambia kwamba uchafu wa samaki ambao unaua haukamatwi na kitambaa, umeyeyuka humo humo, na kila nilipoyarudisha nilikuwa nawanywesha mkojo wao. Ungeishia hapo ningekubali. Ukaongeza: "Unataka wafe kwa sababu wametoka upande wa mama."

Nami nikakujibu. Nilichokujibu unakikumbuka na mimi nakikumbuka, sikirudii kwenye karatasi nzuri. Baba yako akafanya kama kawaida yake. Kila tulipogombana mimi na wewe, dawa yake ilikuwa moja, basi la Tandahimba. "Somoe, nenda kwa Bibi ukapumzike." Unakwenda, hasira zinapoa, unarudi, tunaanza upya kama watu waliokutana jana. Alidhani anatuokoa. Nilidhani hivyo pia, nilikuwa nashukuru.

Safari ile ulipoondoka nilibaki na wagonjwa wako. Hujawahi kuniuliza nilifanya nini, nami kwa kiburi sikusema. Nilimwaga, Somoe. Nilibeba maji ya tangi mpaka nje, nikafumba macho, nikamwaga kwenye mchanga, na nilisikia kama mama yangu ananitazama kutoka Kitangari. Nikatia mapya. Nikampigia Mjomba simu mpaka mke wake akaanza kuipokea kwa sauti ya mashaka. Karani nikamtenga kwenye beseni lenye maji mapya na hewa, kila siku nikambadilishia, chembe za chakula nikamwekea kwa ncha ya kijiti. Siku umeme ulipokatika mchana kutwa na pampu ikanyamaza, nilikaa kwenye kigoda na kikombe, nateka maji, nayainua, nayamimina kutoka juu ili yaingie hewa. Nateka, namimina. Huku beseni, huku tangi. Jirani akapita akasema, "Mke wa Baba Somoe, sasa umeanza kuwapepea samaki?" Nikamwambia, "Wewe mumeo unampepea, tena hata mikanda hana." Akaenda zake. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Nilikuwa naomba, Mwenyezi Mungu, wasife hawa wawili mikononi mwangu, maana wakifa, mtoto yule simpati tena.

Karani akapona. Utando ukatoka, akaanza kula. Nikamrudisha kwa mwenzake nikitabasamu kama kungwi aliyemaliza kazi. Lahaula! Bosi akamrukia kama hajawahi kumwona. Anamdona ubavuni, anamkimbiza nyuma ya kile kigae cha chungu wanacholalia, anamkimbiza tena. Na Karani, badala ya kukimbia, akalala upande na kuanza kutetemeka mwili mzima, tetetete.  Nikasema hii degedege! Ndiyo kwanza amepona, sasa degedege! Nikachukua chujio la nazi, nikamtoa, nikamrudisha kwenye beseni. Akatulia. Nikamrudisha kwenye tangi. Akadonwa, akatetemeka. Nikamtoa. Ikawa ndiyo kazi yangu, kutoa na kurudisha, na kila nilipomrudisha ugomvi ulianzia sifuri.

Siku uliyorudi uliingia ukanikuta na chujio mkononi, Karani ndani yake. Hukusalimia. Ulitupa begi chini, ukapiga kelele: "Mama, mwache!"

Nilimwachia. Chujio lote nililiachia.

Mimi na wewe tulijifanya hatukusikia. Wewe ulianza kueleza haraka haraka, mimi nikawa nafuta maji sakafuni ambayo hata hayakuwapo. Lakini nilisikia, Somoe. Niliingia chumbani nikakaa kitandani nikalisikia tena neno lile, mama. Kwamba lilitoka kwa hasira halikunipunguzia kitu. Nilikuwa nimeshalingoja sana, sikuwa na haja ya kuchagua lije na sauti gani.

Ukaniambia kule si kuumwa. Kutetemeka ndiko kusema basi, wewe ni mkubwa, nimekubali, tukae. Ukasema samaki hawa wakiwa wachanga hakuna aliye jike, wote bado. Atakayetawala atakua mkubwa na kugeuka jike, na atakayekubali atabaki mdogo, dume wake. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kumbe Bosi ndiye mke! Baba yako akatokea na bisibisi yake, akauliza, "Mambo gani hayo?" Nikamwambia, "Ya nyumba hii hii, wewe tetemeka tu." Ukacheka, na safari hii hukujikatiza. Ukasema mimi kila nilipomtoa Karani alipokuwa anaomba amani, nilikuwa naivunja amani yenyewe. Ukasema waachwe. Ila tuwatazame, na ukiona mapezi yanachanika, ukiona mmoja amebanwa pembeni hali wala hatoki, hapo si kupatana tena, hapo mtoe.

Tukakaa, wewe upande ule wa tangi, mimi upande huu. Tulitazama mpaka ugali wa muhogo ukaungua. Bosi anadona, Karani anatetemeka, Bosi anazunguka, anarudi, anadona kidogo kuliko mwanzo. Siku zikapita. Asubuhi moja tukawakuta wamelala kwenye kigae kimoja, ubavu kwa ubavu. Ulinishika mkono bila kujua, ukaufinya. Nimebaki na ile alama moyoni.

Sasa nikuambie kosa ambalo hata wewe hulijui. Nilipokuwa nawatazama wale, nilianza kukumbuka. Kuna msimu wa kiangazi uliamka kabla yangu, ukachota maji, ukanijazia ndoo yangu ya kuogea ukaiacha mlangoni, hukusema neno. Nilidhani unanisema mvivu. Nikayamimina kwenye pipa, mbele yako, nikaenda kuchota yangu. Siku nyingine uliniachia ming'oko, viazi vyetu vya porini, umeifunika kwa sahani, umeimenya kabisa, na mimi nikasema kwa sauti usikie, "Makombo haya ya nani?" Siku ile ulipotolewa mwali, mke wa Mjomba amesimama mahali pa mama, mimi niko nyuma kwenye sufuria za wali na moshi wote ule, ulinitafuta kwa macho. Nilikuona unanitafuta. Nikainama nikachochea kuni, nikidhani unataka kuhakikisha kwamba sikusogea mbele. Mtoto wa watu ulikuwa unatetemeka, na mimi kila mara nakuchota kwa chujio. Baba yako naye na basi lake la Tandahimba. Sote watatu tulifanya kazi kweli kweli ya kutopatana.

Nisamehe kwa ile ndoo niliyomimina. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yote, maana maneno mtu hutukanwa akasahau, lakini maji uliyonichotea kwa miguu yako, mimi mtu wa Kitangari ninayejua uzito wake, niliyakataa.

Huko uendako utakutana na watu. Utapangiwa chumba na msichana usiyemjua, atakuwa na makucha yake na wewe una yako, usijidanganye. Usikimbilie kuhama siku ya kwanza. Na akikuletea kitu bila kusema, kikombe cha chai, kiberiti, hata kukusogezea viatu jua lisivichome, usiulize makombo ya nani. Kipokee. Hayo ni kwa chumba na kwa kazi. Kwa mwanamume ni habari nyingine, sikia vizuri. Mimi kabla ya baba yako niliwahi kuolewa Newala, hilo hujalijua. Nilitetemeka mpaka nikachoka, na yule hakupoa hata siku moja, kila nilipokubali alizidi. Watu wakaniambia vumilia, ndiyo ndoa. Nilikaa muda mrefu mno kwa kusikiliza watu. Pezi likichanika, mwanangu, toka. Usingoje chujio la mtu. Nyumba hii ina mlango, na mimi usingizi wangu ni mwepesi.

Sasa ya leo jioni. Uliniambia unakwenda mara moja kwa fundi wa kushona. Nikaingia chumba cha tangi, nikasema ngoja nikawaage wale wawili, maana nilijua kesho wanasafiri. Nikawakuta kwenye kigae chao, Bosi amenona kama mke wa tajiri, Karani pembeni. Na ile ndoo nyeupe ya Mjomba iko chini hapo mlangoni, mfuniko uko pembeni, imejaa maji ya bahari mpaka shingoni. Pampu ya betri imefungwa kwenye mfuko wake, imewekwa juu ya kabati, mbali. Kitambaa changu cha tui umekitandika juu ya ndoo kuzuia vumbi.

 Mtu anayesafiri na samaki hajazi ndoo mpaka shingoni, itamwagika kabla basi halijatoka stendi. Yale yalikuwa maji ya kubadilishia wiki ijayo. Umenichotea maji, Somoe. Umeyaacha mlangoni kama yale ya kwanza.

Uliporudi nikakuuliza, sauti nikaibana isitetemeke, "Hawa mbona hujawafunga?" Ukajibu huku unakunja sketi, hata hukuinua uso, "Wameshapatana. Ukiwahamisha utawavuruga. Nikija likizo nitawaangalia." Kisha ukaongeza, "Ila yale ya zamani, umwage." Nikasema, "Nitamwaga." Basi. Nikatoka nje kwenye kichanja cha vyombo, nikaosha sufuria iliyokwishaoshwa.

Safari hii sikuuliza makombo ya nani. Nimeielewa ndoo yako, nimeipokea kwa mikono miwili.

Nenda mwanangu, Mungu akutangulie. Kesho alfajiri utaniamkia kama kawaida, nami nitaitika. Hata ukisema shikamoo ukaishia hapo, mimi nitausikia mwisho wake. Usinitazame sana usoni, nitakuwa na mafua. Na wiki ijayo, siku ya maji, mtu akipita akaniuliza namwaga nini mlangoni na shida hii ya maji, nitamjibu kwamba namwaga ya zamani, mapya mtoto wangu ameshanichotea.

Mimi,
Mama Somoe